Anayekoroma Akienda Operesheni: Pumzi Kukatika Usingizini na Mashine ya Kusaidia Kupumua



Katika nyumba zetu hapa Nakivale kukoroma si siri. Jirani wa upande wa pili wa ukuta anajua nani anakoroma na nani hakoromi, na asubuhi watu hucheka kisimani. Wengine husema ni uchovu wa shamba, wengine husema ni uzee, wengine husema ni dalili ya usingizi mzuri.

Ni kweli kwamba watu wengi wanaokoroma hawana ugonjwa. Lakini kuna kukoroma kwa namna nyingine. Mtu anakoroma kwa nguvu, kisha ananyamaza ghafla. Kifua chake kinahangaika lakini hewa haiingii. Halafu anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyekuwa anakabwa, na baada ya muda mfupi anarudia tena. Huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Katika toleo hili tutaeleza ugonjwa huo na mashine inayotumika kuutibu. Zaidi ya hayo tutaeleza jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui: mgonjwa wa namna hii yuko katika hatari kubwa zaidi katika siku za kwanza baada ya operesheni, hata kama operesheni yenyewe ni ya henia, ya uzazi au ya mguu uliovunjika. Ukilijua jambo hili mapema, unaweza kuokoa maisha ya mtu wako.

UGONJWA HUU NI NINI?

Tunapolala, misuli ya mwili mzima inalegea, pamoja na misuli ya koo na ulimi. Kwa watu wengi njia ya hewa inabaki wazi. Kwa wengine koo linalegea mpaka linaziba. Hewa haipiti, oksijeni katika damu inashuka, na ubongo unalazimika kumshtua mtu ili avute pumzi. Yeye mwenyewe mara nyingi hakumbuki kwamba aliamka.

Madaktari huuita ugonjwa huu apnia ya usingizi. Kila mara pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Mtu ambaye pumzi yake inakatika au kupungua sana mara 5 mpaka 15 kwa saa moja ana ugonjwa mdogo. Akifika mara 15 mpaka 30 ni wa kati. Akizidi mara 30 kwa saa ni mkali. Hesabu mwenyewe: mara 30 kwa saa, katika usiku wa saa 7, ni mara 210 za kukabwa na kushtuka. Mtu huyo ataamkaje amepumzika?

Wengine, wakishtuka usiku huku wanakosa hewa, husema wamekabwa na jinamizi au wamerogwa. Hatumzuii mtu kuomba au kuombewa. Tunachosema ni hiki: omba, na pia uje kituo cha afya upimwe.

DALILI ZAKE

Kwa mtu mzima:
- Kukoroma kwa sauti kubwa karibu kila usiku.
- Pumzi kukatika usingizini, mwenzake akishuhudia.
- Kuamka na kinywa kikavu au kichwa kinauma.
- Kusinzia mchana: kanisani, msikitini, kwenye foleni ya posho, au akiendesha bodaboda.
- Kusahau, hasira za haraka, kukosa nguvu za kazi.
- Kuamka mara nyingi kukojoa.
- Shinikizo la damu ambalo halishuki vizuri hata kwa dawa.

Kwa mtoto dalili huwa tofauti kidogo. Mtoto analala kinywa wazi, anahangaika kitandani, anatokwa jasho, anakojoa kitandani wakati alikuwa ameshaacha, hakui vizuri, au shuleni hatulii na hashiki masomo. Mara nyingi watoto hawa ni wa umri wa miaka 2 mpaka 8, na sababu kubwa ni mafindofindo yaliyovimba pamoja na vinyama vya nyuma ya pua.

Kwa watu wazima sababu ni nyingi: unene, shingo nene, taya dogo, mafindofindo makubwa, pombe, sigara, dawa za usingizi, na kulala chali. Lakini msidhani mtu mwembamba hawezi kuugua. Anaweza.

Ugonjwa usipotibiwa, moyo unachoka. Shinikizo la damu linapanda, na hatari ya kiharusi na magonjwa ya moyo inaongezeka. Mama mjamzito aliyeanza kukoroma sana amwambie mkunga, kwa sababu kukoroma katika mimba kunaendana na hatari zaidi ya shinikizo la damu la mimba.

JIPIME KWA MASWALI MANANE

Mwaka 2008 madaktari wa dawa ya usingizi huko Toronto, Kanada, walichapisha maswali mafupi ya kumtambua mtu mwenye hatari kabla ya kupasuliwa. Leo yanatumika katika nchi nyingi. Jibu ndiyo au hapana:

1. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango uliofungwa?
2. Je, mara nyingi unachoka au kusinzia mchana?
3. Je, kuna mtu aliyewahi kuona pumzi yako inakatika usingizini?
4. Je, una shinikizo la damu au unatumia dawa zake?
5. Je, una unene mkubwa? (Kwa mfano, kuzidi kilo 90 kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60.)
6. Je, una umri zaidi ya miaka 50?
7. Je, shingo yako ina mzunguko unaozidi sentimita 40?
8. Je, wewe ni mwanaume?

Ukiwa na ndiyo 3 au 4, hatari ni ya kati. Ukiwa na ndiyo 5 au zaidi, hatari ni kubwa. Maswali haya hayathibitishi ugonjwa. Yanasaidia kujua nani apimwe na nani aangaliwe zaidi. Kwa swali la tatu usijibu peke yako. Muulize mnayelala naye chumba kimoja.

KWA NINI OPERESHENI INAONGEZA HATARI?

Sababu ni nne.

Kwanza, dawa ya kulaza mgonjwa, ambayo wengine huita nusu kaputi, inalegeza koo kuliko usingizi wa kawaida. Nguvu yake haiishi yote mara mgonjwa anapofungua macho.

Pili, dawa kali za maumivu kama mofini, pethidini, tramadoli na kodeini zinapunguza nguvu ya ubongo ya kuamuru pumzi na kumwamsha mtu anapokosa hewa. Kwa mtu wa kawaida kipimo cha daktari huwa salama. Kwa mtu ambaye koo lake linaziba, ule mshtuko wa kuamka ndio ulinzi wake. Ukizimwa, anaweza kuendelea kukosa hewa kimya kimya.

Tatu, baada ya operesheni mgonjwa hulazwa chali kwa sababu ya kidonda au dripu, na kulala chali kunafanya ulimi uanguke nyuma.

Nne, usiku wa kwanza mgonjwa huwa halali vizuri kwa maumivu na kelele za wodi. Usiku wa pili na wa tatu mwili unalipa deni la usingizi, usingizi unakuwa mzito, na pumzi inaweza kukatika zaidi kuliko usiku wa kwanza. Kwa hiyo msione mgonjwa ameamka salama mkafikiri hatari imekwisha. Mara nyingi usiku wa tatu mgonjwa ameshatoka hospitalini, yuko nyumbani, na hakuna muuguzi karibu.

KABLA YA OPERESHENI

Ukipewa rufaa kwenda kupasuliwa, iwe Mbarara au hospitali nyingine, fanya haya:

1. Mwambie daktari na mtaalamu wa dawa ya usingizi kwamba unakoroma na pumzi inakatika. Sema hata kama hujaulizwa. Kama hamwelewani kwa lugha, omba mkalimani au mwombe VHT wako akuandikie kwenye karatasi ya rufaa.
2. Uliza kama operesheni inaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongoni au ya sehemu moja. Kwa operesheni nyingi za tumbo la chini, uzazi na miguu inawezekana, na kwa mgonjwa wa namna hii mara nyingi ni salama zaidi kuliko kulazwa kabisa.
3. Kama una mashine ya kupumulia, nenda nayo hospitalini pamoja na barakoa yake, nyaya zake na karatasi inayoonyesha imewekwa kwa nguvu gani. Usiiache nyumbani kwa kuogopa wizi. Itahitajika usiku ule ule.
4. Acha pombe. Waragi, kasiksi na nyinginezo zote zinalegeza koo.
5. Peleka mlinzi wa mgonjwa anayeweza kukesha.

KAZI YA MLINZI WA MGONJWA

Wewe unayemlinda mgonjwa, kazi yako si kupika uji na kufua tu. Usiku wewe ndiye macho yake.

Mwinue kichwa na kifua, si shingo peke yake. Mto mmoja mnene chini ya kichwa unaweza kukunja shingo na kuziba hewa zaidi. Inua kitanda upande wa kichwani, au panga blanketi kuanzia mgongoni mpaka kichwani. Kama kidonda kinaruhusu, alale ubavu.

Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima, ukiangalia kifua kikipanda. Mwite muuguzi mara moja ukiona moja ya haya:
- Pumzi chini ya 10 kwa dakika kwa mtu mzima.
- Pumzi inakatika mara kwa mara kwa sekunde 10 au zaidi.
- Midomo, ulimi au kucha zinageuka rangi ya bluu au kijivu.
- Mgonjwa haamki vizuri ukimwita na kumtikisa.
- Kwa mtoto: mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi.

Wakati unasubiri muuguzi, mwamshe, mgeuze ubavu, mwambie avute pumzi. Kama kuna kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, omba kitumike. Kifaa hiki kimeenea sana tangu janga la korona la mwaka 2020.

Jambo lingine: mgonjwa kuwekewa oksijeni ni vizuri, lakini oksijeni haifungui koo lililoziba. Namba kidoleni inaweza kuwa nzuri huku pumzi bado inakatika. Endelea kumwangalia.

Mkirudi nyumbani, mgonjwa asilale peke yake chumbani kwa usiku tatu za kwanza angalau. Asimeze dawa ya maumivu zaidi ya alivyoandikiwa, asichanganye na Valium au pombe, na asipewe tramadoli iliyobaki ya jirani.

OPERESHENI YA MAFINDOFINDO KWA WATOTO

Kwa mtoto ambaye mafindofindo yanaziba hewa, kuyatoa pamoja na vile vinyama vya nyuma ya pua ni matibabu mazuri. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya watoto 464 wa miaka 5 mpaka 9. Baada ya miezi 7, watoto 79 kati ya kila 100 waliopasuliwa mapema walikuwa na pumzi ya kawaida usingizini. Kati ya wale waliosubiri bila kupasuliwa, walikuwa 46 kati ya 100.

Namba hizi zinatufundisha mambo mawili. Operesheni inasaidia watoto wengi. Lakini pia watoto 21 kati ya 100 waliopasuliwa bado walikuwa na tatizo. Kwa hiyo mzazi, baada ya miezi michache msikilize mtoto usiku. Akiendelea kukoroma, mrudishe.

Kwa watu wazima operesheni za koo humaliza ugonjwa kwa watu wachache zaidi. Wengi hupata nafuu lakini bado wanahitaji mashine. Usiitupe wala kuiuza mashine kwa sababu umepasuliwa. Subiri mpaka upimwe tena na daktari akuambie uiache.

Baada ya operesheni ya mafindofindo zingatia haya:

Mtoto wa chini ya miaka 3, au mwenye ugonjwa mkali, alale hospitalini usiku wa kwanza. Usiombe kuruhusiwa mapema kwa sababu ya gari la kurudi.

Dawa ya maumivu iwe parasetamoli au ibuprofeni kama ulivyoandikiwa. Kodeini asipewe. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali baada ya watoto kufa kwa kodeini waliyopewa kufuatia operesheni hii. Mwaka 2017 ilikataza kodeini kwa watoto wote wa chini ya miaka 12, na tramadoli kwa wote wa chini ya miaka 18 waliotolewa mafindofindo. Aspirini pia asipewe.

Anywe maji, uji mwepesi na juisi mara kwa mara hata kama anakataa. Utando mweupe kooni ni wa kawaida, si usaha. Damu inaweza kutoka katika saa 24 za kwanza, au kati ya siku ya 5 na ya 10 utando unapobanduka. Mtoto akitema damu mbichi au akimeza mara kwa mara usingizini, mpeleke kituoni saa hiyo hiyo, hata usiku.

NA KUKATA KILIMI?

Katika jamii zetu wako wanaokata kilimi cha mtoto, Warundi na Wanyarwanda huita ikirimi, wakisema kinaleta kikohozi, kutapika au kukoroma. Wembe huo umesababisha damu nyingi, pepopunda, vidonda vya koo, na unaweza kuambukiza virusi vya ukimwi. Tena haugusi mafindofindo wala vile vinyama vya nyuma ya pua ambavyo ndivyo vinavyoziba hewa ya mtoto. Tafadhali msikate.

MASHINE YA KUPUMULIA INAFANYA NINI?

Mashine hii huitwa CPAP, wengi husoma sipapu. Ilibuniwa Sydney, Australia, na daktari Colin Sullivan, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1981. Ni boksi dogo linalovuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa mpira mrefu mpaka kwenye barakoa ya pua, au ya pua na mdomo. Haitoi oksijeni. Haipumui badala yako. Hewa inayosukumwa inashikilia koo wazi, kama upepo unavyoshikilia gunia lisikunjamane. Nguvu yake hupimwa kwa sentimita za maji, na kawaida huwekwa kati ya 4 na 20. Kila mtu ana namba yake aliyopimiwa.

Mashine haiponyi ugonjwa. Inafanya kazi usiku ambao umeivaa tu. Usiku usipoivaa, koo linaziba kama zamani. Ndiyo maana tunasema: kila usiku, usiku mzima, na hata usingizi wa mchana. Baada ya operesheni yoyote ivae kuanzia usingizi wa kwanza, isipokuwa kama umepasuliwa pua, uso au kichwa. Hapo muulize daktari siku ya kuanza tena, kwa sababu hewa ya nguvu inaweza kuumiza kidonda.

Mwanzoni wengi huona barakoa inawabana na kuwatisha. Ivae mchana ukiwa umekaa, dakika 10, kisha 20, mpaka uizoee. Kamba zisikazwe mpaka ziache alama. Kama hewa inavuja kwenye macho, rekebisha barakoa ukiwa umelala, si ukiwa umekaa. Usipake mafuta ya mgando chini ya barakoa, yanaharibu mpira wake.

KUITUNZA KATIKA NYUMBA ZETU

- Iweke juu ya stuli, si sakafuni, kwa sababu inavuta vumbi.
- Chujio la hewa liangaliwe kila wiki. Wakati wa kiangazi vumbi ni jingi, liangaliwe mara mbili kwa wiki. La kuoshwa lioshwe na likauke kabisa. La karatasi libadilishwe.
- Osha barakoa kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali. Mpira uoshwe kila wiki na kuning'inizwa kivulini.
- Tangi dogo la maji liwekwe maji yaliyochemshwa yakapoa, kama hupati yaliyosafishwa kwa mvuke. Mwaga yaliyobaki kila asubuhi. Usitumie maji ya betri, mengine yana asidi.
- Lala ndani ya chandarua kama kawaida. Pitisha mpira chini ya pindo na ulichomeke godoroni pande zote.
- Usiwashe jiko la mkaa wala dawa ya mbu ya kuchoma chumbani. Mashine itakusukumia moshi huo kooni. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha.
- Usimwazime mtu barakoa yako. Mafua na kifua kikuu havina urafiki. Na namba ya nguvu ni yako, si yake.

UMEME WA SOLA UNATOSHA?

Unatosha ukipanga vizuri. Mashine nyingi hutumia wati 30 mpaka 60 bila kupasha maji joto. Ukiwasha kipasha joto, matumizi yanapanda sana, kwa hiyo kizime.

Tuchukue wati 40. Kwa usiku wa saa 8 ni wati-saa 320. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 600. Hivyo inatosha usiku mmoja na kubaki kidogo. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri kwa muda wa saa 5 inaweza kurudisha kiasi hicho. Msimu wa mvua haitatosha, ni bora wati 150 au zaidi. Na betri hiyo isichajie simu za kijiji kizima jioni, kisha mgonjwa akose hewa saa 9 usiku.

Mashine nyingine zinataka volti 24. Usiunganishe waya kwa kubahatisha. Tumia kifaa cha kubadilisha umeme kilichotengenezwa kwa mashine hiyo.

MASHINE ILIYOTUMWA NA NDUGU WA NG'AMBO

Wako ndugu zetu waliohamishiwa Marekani, Kanada na Australia ambao hutuma mashine zilizokwisha kutumika. Ni upendo mkubwa, lakini kagua haya kwanza:

1. Umeme. Marekani hutumia volti 120, Uganda ni 240. Soma maandishi kwenye kichwa cha chaja. Yakisema 100 mpaka 240, ni sawa.
2. Aina yake. Juni 2021 kampuni ya Philips Respironics ilitangaza kurudisha mashine zake nyingi, zikiwemo DreamStation za kwanza, zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021. Sponji la kupunguza kelele ndani yake lilionekana linaweza kumomonyoka na kuingia katika hewa anayovuta mgonjwa. Mwombe ndugu aliyeituma aangalie namba ya mashine kabla hujaivaa. Kama umeshaanza kuitumia, usiiache ghafla. Ongea na daktari.
3. Namba ya nguvu iliwekwa kwa mtu mwingine. Ipeleke kwa daktari aipange upya.
4. Barakoa, mpira na chujio viwe vipya.

UKIWA HUNA MASHINE

Ukweli ni kwamba mashine hizi ni ghali na wengi wetu hatuna. Bado kuna ya kufanya leo bila fedha:

Lala ubavu. Shona mfuko nyuma ya fulana, katikati ya mgongo, utie mpira mdogo wa matambara. Ukigeuka chali utakuamsha. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Punguza uzito kama umezidi. Acha pombe na sigara. Usinunue dawa za usingizi kwenye duka la dawa bila kuandikiwa. Meza dawa za shinikizo la damu kila siku. Na wewe dereva wa bodaboda, ukisinzia barabarani paki. Usibebe abiria.

KUMBUKA

Kukoroma peke yake si hukumu ya kifo. Kukoroma kunakokatika na kushtuka ni ugonjwa. Operesheni yoyote inaamsha hatari yake, na usiku wa tatu unahitaji macho kama usiku wa kwanza. Sema kabla hujapasuliwa, vaa mashine kama unayo, lala umeinuka, na mtu akeshe nawe.

Kama kuna mtu nyumbani mwenye dalili hizi na ana tarehe ya operesheni, usingoje mkutano wa mwezi ujao. Mwone VHT wa kijiji chako au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe, Base Camp, Juru au Rubondo, kabla ya tarehe hiyo. Njoo na mtu anayelala chumba kimoja na mgonjwa, kwa sababu yeye ndiye aliyesikia.